Historia ya Busunzu: Ianzie kwa Mwami au kwa Bibi Mwenye Jembe?

MWALIMU MSTAAFU: Historia ina uti wa mgongo, nao ni utawala. Anayetaka kumweleza mtoto wa Busunzu, hapa Kibondo, alikotoka hana budi aanze na falme za Buha: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kule Kakonko, mfalme aliyeitwa mwami juu, watwale chini yake, na wateko walioitunza ardhi. Kisha waje Wajerumani na reli yao iliyofika Kigoma mwaka 1914, Wabelgiji walioiteka Kigoma mwaka 1916 na kuishikilia hadi 1921, halafu Waingereza, chama cha TANU, Uhuru na Azimio la Arusha. Ukiziondoa nguzo hizo ukaweka maisha ya mama mmoja aliyelima, akazaa na kuzika, umempa mtoto masimulizi ya jioni tu. Majimbo yetu ya uchaguzi yalipewa majina ya Muhambwe na Buyungu. Hakuna lililopewa jina la mama aliyepanda maharage.

MWANAFUNZI WA CHUO: Basi tumpitishe mama huyo kwenye nguzo zako, Mwalimu. Simtaji jina kwa kuwa si mmoja, ni rika zima. Tuseme alizaliwa hapa Busunzu mwaka 1930. Wabelgiji wana miaka 9 tangu waondoke, na Waingereza wanatawala kwa kupitia wami. Mwami mwenyewe hakupata kumwona kwa macho. Alichokiona ni kodi. Baba yake alidaiwa, na jirani mwenye wake wawili alidaiwa pia kwa nyumba ya mke wa pili. Shilingi za kulipia hazikuota milimani. Wanaume wakashuka kuzitafuta kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Darasani ulitufundisha kwamba vibarua hao, manamba, walijenga uchumi wa Tanganyika. Hukutueleza nani alibaki na jembe.

MWALIMU MSTAAFU: Nilifundisha chenye ushahidi. Manamba waliandikwa, jina lenyewe limetokana na namba waliyopewa. Mkataba ulikuwa na siku zake, kipande, yaani kadi ya kazi, kilijazwa siku kwa siku, na kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na chombo kizima, SILABU, cha kuwaandikisha vibarua wa mkonge na kuwasafirisha kutoka mikoa ya mbali kama huu wetu. Hizo ni karatasi, mtu anaweza kuzishika. Mke wa manamba aliacha karatasi gani?

MKUNGA: Naomba nimjibu Mwalimu hapo. Aliacha watoto waliokua. Mwanaume alipokuwa Tanga, nani alifyeka? Nani aliezeka nyumba? Kazi zilizokuwa za mume zilihamia kwa mke, na za mke hazikupungua hata moja. Wakoloni walihimiza muhogo kuwa akiba ya njaa, na mama aliyebaki peke yake alikuwa na sababu yake nyingine ya kuupenda: muhogo hungoja. Ukikosa nafasi ya kuuvuna mwezi huu, utaukuta ardhini mwezi ujao. Ukitaka kujua nyumba zilizokosa wanaume ziliishije, kipande cha mkonge hakitakwambia. Shamba litakwambia.

KATIBU WA ZAMANI: Namna mnavyomsema mama huyu inanichoma. Mnamsema kama mzigo: kaachwa, kadaiwa, kachoshwa. Mimi nilikuwa katibu wa tawi la TANU, na wanawake wa rika hilo niliwaona wakija mkutanoni na watoto mgongoni, wakiuliza maswali ambayo wanaume waliogopa kuyauliza. Chama kiliwaona. Lisomeni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Linasema bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na linawasema wanaume kwa uvivu wao. Niambieni ni andiko gani la mkoloni lililomtaja mwanamke wa Kibondo kwa heshima ya namna hiyo.

Tena chama hakikuishia kwenye maneno. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama wa miaka 40 akashika chaki kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Tulikaa chini ya mti tukasikiliza, kesho yake tukachimba vyoo. Msiandike historia ya bibi mkaufuta mkono uliomshika.

MWANAFUNZI WA CHUO: Azimio lilimwona, mzee wangu, sikatai. Lilizihesabu hata saa zake. Ndiyo maana kilichofuata kinauma zaidi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma. Kaya zilizokuwa zimetawanyika milimani, kila moja katikati ya migomba yake, zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa amesisitiza kwamba ujamaa ni hiari. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Mama wetu alikuwa amevuka 40. Mgomba wenye mkungu haubebeki kichwani. Shamba lenye samadi ya miaka yote limebaki kule, nyumba iko huku, katikati kuna mwendo. Nani aliutembea mwendo huo alfajiri na jioni, na kuni juu ya kichwa? Kama kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi saa 14, baada ya hapo zilikuwa ngapi?

KATIBU WA ZAMANI: Na shule ungeijenga wapi, mjukuu wangu? Kila mlima na shule yake? Zahanati, kisima na darasa vilitaka watu wakae mahali pamoja. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977, mtoto wa mama huyo aliikuta shule jirani. Wewe mwenyewe uko chuo kikuu kwa sababu bibi yako alihama.

MWANAFUNZI WA CHUO: Alihama, au alihamishwa?

KATIBU WA ZAMANI: Wengine walihama.

MWANAFUNZI WA CHUO: Na wengine?

KATIBU WA ZAMANI: Tulikuwa na amri na tulikuwa na siku za kuitimiza. Kuna sehemu za nchi hii ambako nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Hilo limeandikwa na linajulikana. Niendelee kutetea shule, tafadhali, maana shule nayo ilikuwa kweli.

MKUNGA: Haukuwa uhamisho wa kwanza, Mzee. Miaka ya 1930 Waingereza walipambana na malale katika nchi hii ya Buha kwa kuwatoa watu kwenye misitu yenye mbung'o na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja. Mama wa rika hilo, kama nyumbani kwao kulikuwa upande wa mbung'o, alihamishwa utotoni akiwa mgongoni mwa mama yake, na akahamishwa tena mwaka 1972 akiwa na mtoto wake mgongoni. Kwenye kitabu cha Mwalimu hayo ni mambo mawili, yako katika sura mbili, moja ya ukoloni na nyingine ya Ujamaa. Kwa mama ni jambo moja lililorudi. Anakuja mtu na karatasi, nyumba inavunjwa, anaanza upya kutafuta mahali pa kuchota maji.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo ndipo ninapoogopa, na sitanyamaza. Mkimfanya bibi kuwa kipimo pekee, mkoloni aliyekusanya kodi na serikali yetu iliyojenga zahanati wanageuka kitu kimoja, kwa sababu wote wawili walimhamisha. Mmoja alitutawala bila kutuuliza, mwingine tulimpigia kura. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo hajui historia, hata akijua majina ya visima vyote alikochota bibi yake.

MKUNGA: Tofauti hiyo naijua, Mwalimu. Nasema mama hakuulizwa kwenye uhamisho wowote kati ya hiyo miwili. Hilo nalo ni la kweli, na mtoto alisome.

MWALIMU MSTAAFU: Alisome, lakini asiambiwe kwamba historia ya tawala ni historia ya wanaume. Hapa hapa Buha, katika miaka ya 1940 na 1950, ufalme wa Heru ulikuwa chini ya mwanamke, Mwami Theresa Ntare, mpaka utawala wa machifu ulipofutwa baada ya Uhuru. Na kwenye TANU kulikuwa na Bibi Titi Mohamed. Ukitaka mwanamke kwenye historia, yumo.

MWANAFUNZI WA CHUO: Asante kwa kumtaja Bibi Titi, maana yeye ni shahidi wangu. Alipoingia TANU miaka ya 1950 hakuwa na cheo wala ukoo wa kifalme. Alijulikana Dar es Salaam kama kiongozi wa uimbaji kwenye kikundi cha ngoma. Kwa muda mrefu vitabu viliisimulia TANU kama kazi ya vijana waliosoma Makerere na Edinburgh. Kisha mtafiti Susan Geiger akaenda kuwasikiliza Bibi Titi na wanawake wenzake, na kitabu chake cha mwaka 1997 kikaonyesha kwamba chama kilienea kwa nguvu za wanawake wasio na shule kubwa, kupitia vikundi vyao hivyo vya ngoma. Yaani mara tu wanawake wa kawaida walipoulizwa, nguzo yenyewe ya TANU ilibadilika umbo. Wewe unasema tuongeze bibi kando ya historia. Mimi nasema ukimsikiliza bibi, hata habari za Nyerere utazisimulia kwa namna nyingine.

Naye Mwami Theresa nampenda na ninamheshimu. Lakini mwanamke mmoja kwenye kiti cha Heru hatuambii lolote juu ya maelfu waliokuwa na jembe.

KATIBU WA ZAMANI: Sasa nikuulize na mimi. Umemhesabia mama huyo kila alichofanyiwa. Alichofanya yeye kiko wapi? Mwaka huo huo wa 1972 Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji. Oktoba 1993, alipouawa Rais wao Melchior Ndadaye, wakavuka tena kwa malaki. Kibondo ikajaa kambi: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago, Mkugwa. Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi, na Nyarugusu ya Wakongo kuanzia mwaka 1996. Kabla ya mashirika kufika na maturubai, nani alimpa mgeni maji ya kunywa? Serikali? Mimi nilikuwepo, haikuwa serikali.

MKUNGA: Walikuwa wanawake. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hapakuhitajika mkalimani kumwelewa mama anayesema mtoto wake ana homa. Wakati huo mama wetu alikuwa na miaka 63 na bado alikuwa na nguvu zake. Alibadilishana ndizi na mafuta ya mgao, alipata wateja wa mihogo yake, na pia aliona kuni zikizidi kuwa mbali kila mwezi, kwa sababu watu wa kambi nzima walikuwa wakipika kwa msitu ule ule. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na wizi, na wanawake wa pande zote mbili walidhurika wakitafuta kuni porini. Palikuwa pia na ndoa, na watoto niliowapokea kwa mikono hii ambao mpaka leo sijui niwaite Waha au Warundi. Mambo yote hayo yalipita mikononi mwa mama mmoja kwa wiki moja.

MWANAFUNZI WA CHUO: Mzee amenipata, nami nakubali. Nilimsimulia kama mtu wa kutendewa tu. Lakini tazama mwenzake mkimbizi. Mwaka 2007 Marekani ilianza kuwachukua maelfu ya Warundi wa mwaka 1972 kutoka kambi za Tanzania, hizi zetu zikiwamo. Kila mama aliyeondoka aliketishwa na maafisa akaulizwa maisha yake yote: ulizaliwa wapi, ulikimbia lini, ulipita nchi gani, nani alikufa njiani. Yaliandikwa. Leo yako kwenye majalada huko. Aliyempa maji ya kwanza, mwenyeji wa hapa, hakuna aliyemuuliza neno.

MWALIMU MSTAAFU: Na unayaamini majalada hayo? Pitia vitambulisho vya wakimbizi, utastaajabu jinsi wengi walivyozaliwa tarehe 1 Januari. Asiyejua tarehe yake alipewa hiyo. Ndiyo shida ya ushahidi wako wote: mtu anayesimulia maisha yake mbele ya afisa anayemiliki tiketi ya ndege husimulia kile ambacho tiketi inataka. Wamarekani wenyewe waliwahi kujifunza hilo. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali yao iliwatuma waandishi kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa watumwa, wakapata zaidi ya 2,000. Ni hazina kubwa. Lakini waulizaji wengi walikuwa Wazungu wa Kusini, na mzee Mweusi wa miaka 80, katika nchi ya ubaguzi, alijua jibu gani lingemletea matatizo. Wanahistoria wa huko hadi leo wanalazimika kusoma kila ukurasa wakijiuliza: nani alikuwa amekaa mbele yake?

MWANAFUNZI WA CHUO: Kwa hiyo unasema tusiulize?

MWALIMU MSTAAFU: Nasema uulize kama mtu anayejua kwamba swali nalo lina uzito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofanya utafiti wa Vita vya Majimaji mwaka 1968, wanafunzi walikwenda vijijini kwa wazee. Ilikuwa kazi nzuri, iliyowapa Watanzania vita vyao wenyewe. Lakini ukisema “wazee” katika kijiji, nani anajitokeza? Wanaume, na viti vyao.

MWANAFUNZI WA CHUO: Umeniunga mkono bila kutaka, Mwalimu.

MWALIMU MSTAAFU: Nimeiunga mkono kweli. Bado tarehe zinanisumbua. Bibi atakwambia “mwaka wa nzige”, “mwaka ule wa njaa”. Utaupanga vipi?

MWANAFUNZI WA CHUO: Kama makarani wa sensa wanavyofanya. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa husomewa kalenda ya matukio ya mahali pake: nzige, njaa, mwisho wa vita, Uhuru, operesheni. Akisema “nilikuwa nimeota matiti wakati ule”, karani anapata umri wake. Serikali imepanga madarasa na dawa kwa kutegemea hesabu hizo. Ikiwa kalenda ya bibi inatosha kwa kugawa bajeti, inatosha kwa sura moja ya kitabu. Na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili limekwisha kuingizwa kwenye mtaala. Litafundishwa Busunzu kwa mifano ya wapi?

MKUNGA: Hapa sasa mimi nahama upande. Mpaka hapa nilikuwa nawe, binti yangu, lakini kuna jambo hulisemi. Nitakupa habari ya mwanamke mwingine wa kawaida, Mmarekani, kwa sababu kazi yangu ndiyo iliyonikutanisha naye.

Aliitwa Henrietta Lacks. Alizaliwa mwaka 1920 jimboni Virginia, akakulia kwenye shamba la tumbaku. Sisi wa Kibondo na Kasulu tunaolima tumbaku tunaijua kazi hiyo inavyokula mikono. Alikuwa mama wa watoto watano. Mwaka 1951 alifariki mjini Baltimore kwa saratani ya mlango wa kizazi, akiwa na miaka 31. Alipokuwa akitibiwa, madaktari walichukua seli za uvimbe wake bila yeye kujua. Seli hizo hazikufa. Zilizaana maabara, zikasambazwa duniani, zikatumika kupima chanjo ya polio. Miaka ya 1980 Mjerumani Harald zur Hausen alivikuta ndani ya seli hizo virusi vya aina moja inayosababisha saratani hiyo hiyo, na kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya chanjo. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aprili 2018 wasichana wa miaka 14 Tanzania nzima wakaanza kuchanjwa. Wa Kibondo nao walinyoosha mikono yao. Kwa hiyo mama yule mkulima wa tumbaku amefika mpaka hapa.

MWANAFUNZI WA CHUO: Huo ndio mfano ninaoutafuta! Mwanamke asiye na cheo amebadilisha tiba ya karne nzima, na kwa miaka mingi vitabu vilimwita kwa herufi tu, HeLa.

MKUNGA: Ngoja kwanza, usiuchukue haraka. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Wengine walipata sifa na fedha, kaburi lake likabaki bila jiwe hadi mwaka 2010. Ubaya haukuwa kwamba hakuandikwa. Ubaya ulikuwa kwamba alichukuliwa kilicho chake bila kuulizwa, kwa ajili ya manufaa ya watu wote. Sasa wewe unakuja na simu yako ya kurekodi, kwa ajili ya manufaa ya wote. Utamuuliza bibi kuhusu mimba zilizoharibika? Kuhusu aliyemwoa kwa nguvu? Kuhusu kilichompata porini akitafuta kuni? Mimi nimekulia katika kazi ya ukunga. Nayajua mambo ya Busunzu ambayo nitazikwa nayo, na si kwa woga. Niliaminiwa.

MWANAFUNZI WA CHUO: Lakini ukizikwa nayo, mama, na yeye akizikwa nayo, mabinti zake wataamini kwamba hayakuwahi kutokea. Sitiri hiyo inamlinda nani? Mara nyingine inamlinda aliyetenda.

MKUNGA: Mara nyingine, ndiyo. Ndiyo maana sisemi asiulizwe. Nasema achague yeye. Amwambie nani, lini, na kipi kibaki ndani. Jina lake liandikwe akitaka, lifichwe akitaka. Arudishiwe alichosema asomewe kabla hakijaenda popote. Na tafadhali, asiulizwe mbele ya mume, mwenyekiti wala mtoto wa kiume.

KATIBU WA ZAMANI: Wala mbele ya katibu.

MKUNGA: Wala mbele yake, Mzee. Usinielewe vibaya.

KATIBU WA ZAMANI: Nimekuelewa vizuri. Nimekuwa nikisikiliza hesabu ya binti huyu: aliyezaliwa 1930, kaolewa, mume yuko Tanga, kahamishwa 1972, kapokea wakimbizi 1993. Mnasema ni mama wa mfano. Nyumbani kwangu yupo, miaka michache tu nyuma yake. Wakati wa operesheni nilikuwa naandika majina ya kaya, na kaya ya wazazi wake ilikuwa kwenye orodha yangu. Mama yake hakutaka kuondoka. Nilikwenda na mgambo wawili. Sikuchoma kitu. Lakini nilisimama pale mpaka paa likashushwa, na mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili, na mama yake. Tumekaa miaka zaidi ya 50 baada ya hapo. Hajawahi kunisimulia siku ile aliionaje. Na mimi sijawahi kumuuliza.

MWALIMU MSTAAFU: Mzee, hayo hayakuwa amri zako.

KATIBU WA ZAMANI: Kitabu chako kitasema hivyo, Mwalimu, na kitakuwa sahihi. Amri ilitoka juu, na mwaka wake unajulikana. Nataka kujua kitabu atakachokiandika binti kitasemaje.

MWANAFUNZI WA CHUO: Kitasema atakalosema yeye, mzee. Na chini yake nitaandika utakalosema wewe, kama ulivyolisema leo, kisha nitaweka amri na tarehe yake. Sitaondoa lolote kati ya hayo matatu.

MWALIMU MSTAAFU: Kwa mpangilio huo naweza kuifundisha. Amri iwepo. Bila amri, mwanafunzi atadhani ni ugomvi wa mtu na mkwewe.

MWANAFUNZI WA CHUO: Na bila yeye, atadhani ni karatasi iliyotembea yenyewe kutoka Dar es Salaam mpaka Busunzu.

MKUNGA: Waliozaliwa mwaka 1930 sasa wamepita miaka 90. Kwenye misiba ya miaka hii tunahesabu waliobaki wa rika hilo, na vidole vya mkono vinatosha. Binti ana likizo ya wiki sita. Aanze na waliobaki, na aniite nikae naye kwenye nyumba zile ambako mimi najulikana. Swali la kwanza lisiwe mwaka. Aulize maji walichota wapi. Wanawake wakianza na maji, mengine yanakuja.

KATIBU WA ZAMANI: Njooni kwangu Jumamosi. Nitamwambia leo usiku kwamba kuna mgeni wake, si wangu, na kama hataki atasema hataki. Akikubali, mimi nitakwenda gulioni asubuhi na nitarudi jioni. Mlango mtaukuta wazi.